Farhiya Aenda Kuona Bembea za Amerika

Orlando, Florida
20 Januari 1996

Dada Nadira,

Salaam aleikum. Ni imani yangu kwamba wewe, shemeji Ali na watoto mko salama hapo Kamenu. Mimi sijambo. Carmen hajambo pia, anakusalimu, na ameanza kujua kusema "habari ya wifi" ingawa anaitamka kama mtu mwenye jino bovu.

Mama anaendeleaje Mwiki? Nilisikia kutoka kwa mtu wa Ruiru tuliyekutana naye msikitini kwamba huko mnajenga siku hizi mpaka hakuna mahali pa kufunga mbuzi. Mwambie nitamwandikia.

Bado naendesha basi la hoteli. Asubuhi nachukua wageni na watoto wao nawapeleka mpaka kwa lango la zile bustani za michezo, jioni naenda kuwachukua. Wakienda wanapiga kelele, wakirudi wamelala vinywa wazi. Miaka yote hii mimi mwenyewe sijaingia ndani, naona tu vilele vya bembea juu ya miti.

Sasa nimefikiria hivi. Agosti shule zikifungwa, njooni. Wewe, Ali, Irshad na Farhiya. Nitashughulikia safari mimi, msijisumbue. Kuna treni inayopanda mlima wa chuma halafu inaachiliwa. Kuna nyumba ya barafu, na mto unaokubeba ukiwa umekalia mpira wa gari. Watoto wataongea juu yake mpaka wazeeke.

Nipimie urefu wao. Kuna bembea nyingine mtoto akiwa mfupi anarudishwa.

Nitumie pia ripoti ya shule ya Farhiya ya mwaka jana, na kadi yake ya chanjo.

Ndugu yako,
Abdulnasir


Kamenu, Thika
18 Februari 1996

Kaka Abdulnasir,

Wa aleikum salaam. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa pembeni na kubandikwa tena, lakini yote ilikuwa ndani. Sisi ni wazima. Msimu wa uniform umeisha, cherehani imepumzika, na mimi mgongo haujapumzika bado. Ali amehamisha garage yake karibu na barabara ya Garissa, wateja wameongezeka. Mama anasumbuliwa na magoti, na anasumbuana na wapangaji wake wa Mwiki kuhusu maji. La maji linampa nguvu, nafikiri bila hilo angelala.

Niliisomea barua yako jikoni kwa sauti, nikasahau kwamba watoto wamesimama mlangoni. Tangu siku hiyo sina amani. Irshad anauliza kama ni kama zile bembea za Show ya kilimo pale Jamhuri, nikamwambia ni kubwa zaidi. "Kubwa kama Blue Post Hotel?" Nikasema sijui. Farhiya hakuuliza juu ya bembea. Aliuliza, "Mjomba Abdu anatujua?" Nikamwambia anawajua sana.

Nimewapima kwa ukuta wa jikoni, vipimo nimeandika nyuma ya picha. Irshad ndiye aliyetangulia kuzaliwa, lakini Farhiya amempita kwa kichwa kizima. Mwalimu wao wa Standard Two bado anadhani ni mapacha, na mimi sijamsahihisha. Walinyonya pamoja, huyu titi hili, huyu lile, tangu wiki ile Waceke alipozikwa kwao Gatuanyaga na wewe ukaniletea mtoto amefungwa kwa koti lako. Wanapigana kama mapacha pia.

Anakuita Mjomba vile tulivyokubaliana ulipokuwa unaondoka. Sijabadilisha kitu.

Umeomba ripoti ya Farhiya. Nimeweka ripoti mbili na kadi mbili za chanjo, kwa sababu walioalikwa ni wawili.

Msalimie wifi Carmen.

Dada yako,
Nadira


Orlando
30 Machi 1996

Dada Nadira,

Samahani kwa kuchelewa. Hii ndiyo miezi ya wageni wengi, narudi nyumbani nikiwa nimekauka. Picha nimepata. Carmen ameiweka kwenye mlango wa friji. Amesema Farhiya ana paji la uso langu, na mimi naona ni la Waceke.

Irshad kwa kile kimo hataruhusiwa kwenye treni ya mlima wa chuma, labda akirefuka kabla ya Agosti. Mpe maziwa. Farhiya anaruhusiwa kila mahali.

Nimepanga hivi: siku za kwanza mpumzike, maana ndege itawachosha. Halafu bustani ya kwanza, ile kubwa, tuingie mapema kabla ya jua kuwa kali. Siku inayofuata tukae nyumbani. Kuna bwawa la kuogelea hapa tunapoishi, lina sehemu ya watoto. Halafu bustani ya maji. Carmen ameomba likizo.

Yeye pia amekuwa na kazi nyingi hapa nyumbani. Kile chumba kidogo tulichokuwa tunaweka masanduku amekipaka rangi ya waridi, akaweka kitanda na pazia lenye vipepeo. Dirisha lake linaangalia shule ya msingi, yenye uwanja wa nyasi nzuri sana, kengele yake unaisikia ukiwa kitandani. Wewe na shemeji na Irshad tutawatandikia sebuleni, kuna kochi linalofunguka.

Ripoti za shule ni nzuri. Farhiya yuko sawa kwa hesabu.

Abdulnasir


Kamenu
25 Aprili 1996

Kaka,

Hatujambo. Mvua imenyesha mpaka njia ya kuja kwetu haipitiki, Ali anaacha gari kwenye lami.

Chumba cha mgeni wa wiki tatu hakipakwi rangi, Abdulnasir.

Nilienda Mwiki Jumapili nikamsomea Mama barua yako. Aliendelea kuchambua mchele. Nikamwuliza, "Mama, wewe umesikia nini hapo?"

Akasema, "Nimesikia mtu anamtayarishia mtoto wake mahali pa kulala."

"Mtoto wake?"

"Nadira, mtoto ni wa baba. Wewe ulipewa kulea. Umelea vizuri, hakuna mtu atasema hukulea."

Nikamwambia basi na mimi nimekuja kumsalimia tu, nikabeba mkoba. Aliniita nikiwa kwa gate ya plot, wapangaji wakisikia, nikajifanya sijasikia. Ni mara ya kwanza nimemfanyia hivyo.

Sasa nakuuliza na unijibu kwa neno moja. Tikiti ya Farhiya ni ya kwenda na kurudi?

Nadira


Orlando
19 Mei 1996

Dada Nadira,

Natumaini mvua imepungua na Ali anafika nyumbani bila matope. Nimemwandikia Mama kuhusu magoti, kuna dawa ya kupaka nitawapa mrudi nayo.

Nimeuliza juu ya bustani ya maji. Watoto wadogo wanavalishwa jaketi la kuelea, kwa hivyo usiwe na wasiwasi na Irshad. Chakula cha ndani kina nguruwe mwingi, lakini Carmen atabeba chetu. Kuna maandamano ya taa jioni, watu wamevaa kama wanyama na wafalme, mtoto akiwa na bahati anasalimiwa kwa mkono. Kofia ni lazima, jua la Agosti hapa linapiga kuliko la Gatuanyaga.

Agent wa safari bado hajatoa tikiti.

Nadira, madaktari walimwambia Carmen mwaka jana kwamba hatazaa. Sisemi hivyo ili ufanye lolote. Anaingia kwa kile chumba jioni anakaa kwa kitanda, halafu anatoka anapika. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mke amekufa, sijui hata kushika chupa ya maziwa. Sasa nina nyumba na kazi. Nilifikiri akija, akiona bembea, akizoea kidogo, mambo yataongea yenyewe.

Hilo ndilo jibu langu, si neno moja.

Abdulnasir


Orlando
20 Juni 1996

Nadira,

Sijapata barua. Nilipiga simu kwa duka la Kaleli nikamwomba akuite. Alienda akarudi akasema umetoka. Wiki iliyofuata akasema hivyo tena, na kwa simu nilisikia cherehani yako ikilia hapo ng'ambo ya barabara.

Tikiti zimetoka. Zote ni za kwenda na kurudi. Ya Farhiya inaweza kubadilishwa tarehe.

Abdulnasir


Kamenu
2 Julai 1996

Kaka Abdulnasir,

Salaam. Ni kweli nilikuwa nimekaa kwa cherehani. Kaleli alikuja mpaka mlangoni na nikamwambia aseme nimetoka. Usimlaumu.

Kwanza nikupe habari ambayo ningekupa tangu Februari. Nina mimba, nitajifungua Septemba, Mungu akipenda. Daktari amekataa nisafiri kwa ndege. Sikukwambia kwa sababu nilijua utafanya hesabu: huyu anapata mwingine, basi yule mmoja si kitu kumwachilia. Labda hungefikiri hivyo. Mimi ningefikiri, ningekuwa wewe.

Barua yako ya Mei niliisoma nikiwa peke yangu. Ya Carmen imenihuzunisha, na umwambie hivyo. Lakini hukumwuliza Farhiya, hukuniuliza mimi, uliuliza rangi ya ukuta. Nilikaa na hasira mwezi mzima. Halafu Ali akaniambia, "Kama hutaki aende, sema haendi, nitaubeba huo ubaya mimi. Lakini asije akajua akiwa mkubwa kwamba baba yake alimwita na sisi tukaficha." Unamjua Ali, akisema maneno mengi hivyo ujue amelala nayo siku nyingi.

Basi nikampeleka Farhiya Gatuanyaga kwa nyanya yake mzaa mama, Cucu Waithira. Yeye amezoea kwenda huko, anamwita Cucu wa shamba, na hajawahi kuuliza mbona Irshad hana Cucu wa shamba. Tulitembea kutoka stage ya matatu, vumbi mpaka kwa magoti, mimi na tumbo langu. Tulipofika kwa kaburi la Waceke nikakaa kwa jiwe nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakatoka yote vibaya. Nikasema, "Aliyelala hapa ndiye alikuzaa. Na Mjomba Abdu si mjomba wako, ni baba yako."

Akaendelea kuchomoa majani kwenye kaburi. Akasema, "Najua."

"Nani amekuambia?"

"Cucu. Kitambo, nikiwa nursery. Alisema nisikuambie, utalia."

Na mimi nikalia, mbele yake. Yeye ndiye aliyenishika mkono tukaenda kwa Cucu kunywa chai. Huyo mtoto amekaa na hilo neno miaka mingi akinilinda.

Njiani kurudi nikamwuliza kama anataka kwenda. Akasema anataka kumwona. Halafu akasema, "Na Irshad aone bembea."

Viza zimetoka, ya Ali na za watoto. Ali ataenda nao na Ali atarudi nao, wote wawili. Kama una lingine la kusema, liseme kwa Farhiya mwenyewe, si kwangu wala kwa agent. Kiswahili chake ni safi na anasikia vizuri.

Irshad amefungasha tayari. Amebeba blanketi, anasema ni la ile nyumba ya barafu.

Nadira


Orlando
26 Agosti 1996

Dada Nadira,

Ukipata hii watakuwa wamefika kitambo na wamekueleza kila kitu. Lakini kuna siku moja nataka uisikie kutoka kwangu, kwa sababu Ali hatakueleza, na watoto watakueleza vipande.

Siku ya bustani kubwa tuliingia mapema vile nilivyopanga. Irshad alirudishwa kwenye treni ya mlima wa chuma. Alisimama kwa kile kipimo akivuta shingo kama jogoo, yule kijana wa pale akacheka, lakini hakumruhusu. Farhiya akasema basi ataenda na mimi. Nadira, mimi ndiye niliyefumba macho. Tuliposhuka akaniuliza, "Umemaliza kuogopa?" Tukacheka pamoja. Niliona mambo yanaenda vizuri.

Baada ya hapo Ali alimpeleka Irshad msalani, Carmen akaenda kununua maji, na mimi nikabaki na Farhiya karibu na farasi wa kuzunguka. Kulikuwa na watu wengi. Niligeuka kumlipa mtu wa kofia, nikarudisha macho, hayupo.

Sitakueleza vile nilivyokimbia. Niliita jina lake, na pale kila mtoto analia, kila mzazi anaita jina. Carmen alienda upande wa mashua, mimi upande wa lango. Mfanyakazi mmoja akanielekeza kwenye nyumba ndogo wanapopeleka watoto waliopotea. Nikafika jasho linatiririka.

Alikuwa amekaa kwa benchi, anakunywa juisi, miguu haigusi chini. Mama mmoja mzee ndiye alikuwa anamwangalia. Nikasema, huyo ni wangu. Akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema, baba yake.

Akaangalia karatasi yake. Akasema mtoto ametaja baba yake kwa jina la Ali, na mama Nadira, wa Kamenu, Thika. Akaniuliza mimi ndiye Ali? Nikasema hapana. Basi akamgeukia Farhiya akamwuliza polepole, kwa Kiingereza, "Huyu ni nani?"

Farhiya aliniangalia. Akasema, "Ni Mjomba wangu. Tumekuja kwake kutembea."

Yule mama alikuwa na adabu. Alisema anasikitika, lakini sheria ni mtoto amtaje mtu mwenyewe, kwa hivyo tungoje Ali. Nikakaa. Farhiya upande ule wa benchi, mimi upande huu, na huyo mama katikati yetu. Akatangaza kwa kipaza sauti, nikasikia jina la Ali likienda mpaka juu ya miti, halafu Kamenu, halafu Thika, amezitamka vibaya.

Ali alikuja akikimbia na Irshad mgongoni, kiatu kimoja cha mtoto kikiwa mkononi. Hapo ndipo Farhiya alianza kulia. Kabla ya hapo hakuwa amelia hata kidogo.

Jioni tukiwa nje ya nyumba nikamwuliza. Sikumwuliza kwa ukali. Nikasema, "Mbona ulimwambia mimi ni mjomba, na unajua?"

Akasema, "Najua. Lakini aliniuliza naishi na nani. Akaniuliza nikipotea nani ananitafuta."

"Hata mimi nilikuwa nakutafuta."

Akasema, "Sikuwa najua kama utanitafuta."

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyosema hakujua kama duka limefunguliwa.

Nilikuwa nimepanga kuongea na Ali usiku huo juu ya kubadilisha ile tarehe. Nilitoka, nikamkuta amekaa kwa ngazi anashona kiatu cha Irshad na uzi wa Carmen. Nikakaa karibu naye. Akaniuliza kama mvua ya huku inakuja na upepo. Nikamwambia inakuja. Ile tarehe sikuitaja.

Siku zilizobaki tulienda bustani ya maji, tukaogelea hapa nyumbani, Irshad akasalimiwa na mfalme akakataa kunawa ule mkono. Carmen alimsuka Farhiya asubuhi ya kuondoka, taratibu sana, akafungua mstari mmoja akaurudia ingawa haukuwa na kosa. Farhiya alimkumbatia. Mimi alinipa mkono, halafu akarudi akanikumbatia pia.

Sina zaidi. Nijulishe ukijifungua.

Abdulnasir


Kamenu
29 Septemba 1996

Kaka Abdulnasir,

Salaam aleikum. Nimejifungua msichana tarehe kumi na mbili, hospitali ya Thika, bila shida. Tumempa jina la Mama, Mwanaharusi. Mama alikuja kutoka Mwiki akakaa na mimi wiki nzima. Hatujaongea juu ya ile siku ya gate. Alinipikia, akaniogeshea mtoto, na siku ya kuondoka akamfunga Farhiya lesso yake mwenyewe, ile ya kijani asiyompa mtu. Nimelichukua hilo kama pole yake.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika kwa niaba ya Farhiya, mara ya pili nikakasirika kwa niaba yako, nikaiweka. Ulikuwa mkweli. Ali hakuwa amenieleza kitu, alisema tu, "Walifurahi."

Sasa nikueleze la jana.

Cucu Waithira alikuja kutoka Gatuanyaga kumwona mtoto. Alileta kuku na kile kiondo cha njahi, yale maharagwe meusi, nile nipate maziwa. Tulikuwa sebuleni sote, Ali ametoka garage anakunywa chai na mikono bado ina grisi. Cucu akamwita Farhiya akamweka katikati ya magoti yake vile anavyopenda. Akamwuliza, "Haya, umeenda mbali kutupita sisi wote. Ulimwona nani huko?"

Farhiya akamwangalia, akaniangalia mimi. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilimwona baba yangu. Anaendesha basi. Anaogopa treni."

Irshad akaacha kutafuna. Mimi nilikuwa na mtoto kwenye titi, sikujua niangalie wapi, nikaangalia kikombe cha Ali. Hakikutikisika. Alikunywa, akakiweka chini.

Akasema, "Mwambie Cucu vile alifumba macho. Hiyo hujamwambia."

Na Farhiya akasimama katikati ya nyumba akaonyesha vile ulivyofumba macho na kushika chuma kwa mikono yote miwili. Cucu akacheka mpaka akajifuta na lesso. Ali akacheka pia.

Nimekuandikia kwa sababu hapa hakuna mwingine atakayekuambia.

Dada yako,
Nadira